Mafundi wa kukata miti, pevingi za watu si sakafu ya gereji!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na asije mtu kuniambia nipunguze jazba. Dar nzima, kila penye mkungu au mwembe uani, habari ni ile ile. Fundi anaitwa, anakata mti, analipwa yote, anaondoka na magogo. Mwenye nyumba anabaki na mabaka ya kahawia, madoa meusi na michirizi ya mafuta kwenye pevingi (vile vitofali vya zege vya uani) alizojinyima kuzinunua. Ukimpigia simu: "Hayo ni maji ya mti tu bosi, mvua itaosha." Haioshi! Mvua ndiyo inayoyazamisha.

Tuanze na mafuta, maana hapa ndipo wanapokera zaidi. Chensoo, yaani msumeno wa injini, ina matanki mawili: la petroli iliyochanganywa na oili, na la oili ya kulainisha cheni. Hiyo ya cheni hairudi kwenye tanki. Inatupwa yote, matone kwa matone, mashine inapokata. Kwa hiyo chochote kilichomo mwisho wake ni chini. Ipo oili maalumu ya cheni, nzito na yenye kunata ili isiruke hovyo. Wao wanaweka oili chafu ya gereji kwa sababu ni ya bure, imejaa masizi na vumbi la chuma. Halafu anakatia magogo palepale juu ya pevingi, na mafuta anajazia hapo hapo. Zege lina vitundu, linafyonza.

Kahawia ni kitu kingine kabisa. Magome na majani ya mkungu yamejaa tanini, ile kemikali ya mimea inayotia rangi ya kahawia; wafuga samaki hutumbukiza jani kavu na maji yanakuwa kama chai. Sasa acha rundo la maranda mabichi lipigwe umande usiku kucha. Asubuhi una doa lenye umbo la rundo. Na tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi ya kuelekea bluu, kemia ile ile ya wino wa zamani. Ndiyo maana panga lililosahauliwa juu ya maranda mabichi linaacha picha yake kamili, mpaka mpini unaujua ulikuwa upande gani.

Kabla hujanunua dawa yoyote, dondosha maji juu ya doa pakiwa pakavu. Yakisimama kama shanga, hayo ni mafuta. Yakinywewa upesi, hiyo ni tanini.

Mafuta mabichi: usimwage maji. Nyunyiza unga wa sembe au chaki iliyosagwa, acha masaa kadhaa, fagia, kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa grisi. Yaliyokwisha kuzama: changanya chaki na sabuni hiyo hiyo iwe uji mzito, paka unene wa kidole, funika na nailoni siku nzima, funua ikauke yenyewe ndipo ukwangue. Rudia. Oili chafu mara nyingi itaacha kivuli hata ufanyeje. Hapo kwangua mchanga wa kwenye viungo, chomoa vitofali vyenye doa kwa bisibisi mbili bapa, ubadilishane na vya kona isiyoonekana.

Tanini ya kahawia: fagia kwanza pakiwa pakavu, kisha jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tatu. Acha dakika 15 bila kukauka, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza sana. Brashi ya waya weka mbali. Inaacha chembe za chuma na umejitengenezea doa jeusi jipya.

Weusi wa chuma haujali jiki. Huo unataka asidi ya oksaliki: gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto, kwenye ndoo ya plastiki, glavu na miwani juu. Dakika 10 hadi 20, kisha maji mengi, la sivyo unabaki na utando mweupe. Ni sumu, watoto na kuku wakae mbali. Pevingi nyekundu jaribu pembeni kwanza, kwa kuwa rangi yake kwa kawaida ni oksaidi ya chuma na asidi hii inaweza kuipausha. Na tafadhali, jiki na asidi visikutane hata kwenye ndoo moja. Inatoka gesi ya klorini, inaunguza mapafu.

Utomvu wa mwembe ni mwepesi: uache ukauke, kwangua kwa kipande cha mbao, malizia na kitambaa chenye spiriti.

Sasa wale wa "mwaga asidi ya chooni mkuu, inatakata". Inatakata kwa sababu inakula saruji! Uso unabaki na vikokoto nje, na doa lijalo litazama zaidi. Mashine ya presha nayo wanaisogeza mpaka inachimba mchanga wa viungo. Mdomo wa kutawanya maji, sentimita 30 juu, kisha rudisha mchanga mkavu uliochekechwa. Visiki ndiyo kabisa: wanachoma moto kando ya pevingi zinapasuka uso, au wanamwaga chumvi, na miezi baadaye unaona utando mweupe wa chumvi unachipuka kwenye vitofali.

Mnaoita fundi wiki hii: turubai nene chini, kujaza mafuta nje ya geti, maranda yaondoke siku hiyo hiyo, na nusu ya hela ibaki mkononi mwako hadi uwanja ukauke. Kabla hajavuta kamba ya mashine, mwambie afungue tanki la oili ya cheni achovye kijiti. Kikitoka cheusi tii, hiyo kazi isianze.