Nataka kubadilisha taa za bakuli za darini nyumbani kwa mama, nianzie wapi?

BintiChumbageni
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya mama ipo Tanga mjini, imejengwa mwanzoni mwa miaka ya 90, na taa za darini ni zile zile za siku ya kuhamia. Bakuli za kioo zenye maua, zinashikwa na skrubu tatu pembeni, ndani balbu mbili za wati 40. Kioo kimegeuka njano, kumbikumbi wamefia humo, na ukiwasha zote mbili sebuleni bado gazeti halisomeki. Mdogo wangu ana sendofu mwezi ujao, kwa hiyo nataka nibadilishe sebule, korido, vyumba na bafu.

Kila duka ninaloingia naoneshwa paneli za LED za duara, "dada chukua tu hizi". Za wati ngapi? Mama naye keshasema hataki mwanga mweupe, sebule itafanana na duka la dawa. Dari ni bodi ya kawaida, na bajeti si ya kuvunja dari. Naomba ushauri.

Kijana_wa_Kisosora
Vunja dari dada. Piga jipsamu, zungushia taa ndogo za kuzamisha na LED za utepe pembeni. Nyumba itakuwa mpya.

MzeeWaNgamiani
Kijana, umesoma mpaka mwisho? Kasema bajeti si ya kuvunja dari. Na vumbi la jipsamu mwezi mmoja kabla ya shughuli, wageni watalikuta kwenye makochi.

Binti yangu, mimi ningeziosha hizo bakuli, nikaweka balbu za LED za wati 9, basi. Paneli ikifa unatupa taa nzima, na ukirudi dukani muundo ule haupo tena. Balbu unabadilisha mwenyewe.

FundiWaya
Dada, usinunue kitu kabla hujashusha bakuli moja ukaona yaliyo nyuma yake. Muuzaji anaijua taa yake, nyaya za nyumba yenu hazijui.

Zima breka ya taa kwenye meni swichi. Swichi ya ukutani usiiamini: nyumba za zamani nimekuta nyingi swichi imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme), taa inazimika lakini laini, yaani waya unaoleta umeme, bado ipo kwenye holda. Testa ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme uone kama inawaka, ndipo uipeleke darini. Kisha niambie nyaya ni ngapi, rangi gani, kama kuna wa kijani na njano, yaani ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na kitako cha bakuli kina upana gani.

Hicho kipimo watu hukidharau. Paneli ya duara ya wati 18 kwa kawaida ina sentimita 22 hivi, ya wati 24 inafika 30. Ukiweka ndogo kuliko kitako cha zamani, unabaki na pete ya rangi ya zamani darini, mwisho unapaka dari zima kwa ajili ya taa moja.

Na bodi yenyewe iangalie. Ikiwa ni ngumu, ya kijivu, ya simenti, usiitoboe mpaka ujue haina asbesto. Vumbi lake linaua mapafu.

BintiChumbageni
Nimeshusha ya korido leo, kaka amezima breka. Kuna nyekundu moja, na nyeusi mbili zimesokotwa pamoja zikaingizwa tundu moja la holda. Kijani hakuna. Ganda la ile nyekundu nimeligusa tu likamegeka vipande. Kitako sentimita 27. Bodi ni laini, ya nyuzi za mbao.

FundiWaya
Umenimalizia kazi. Nyeusi mbili: moja inaleta nyutro, ya pili inaipeleka chumba kinachofuata. Mwenye haraka huchomeka moja kwenye taa mpya, nyingine anaizungushia solotepu, vyumba vya mbele vinazima kisha anamtafuta mchawi. Zote mbili zikutane kwenye konekta moja pamoja na nyutro ya taa.

Ganda limekaushwa na joto la balbu ndani ya kioo kilichofungwa. Kata mpaka ufikie sehemu inayokunjika bila kupasuka. Ukiona waya umebaki mfupi, au umekauka hadi ndani, uvutwe mpya wa milimita za mraba 1.5 kutoka kwenye swichi. Hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na kwa kuwa ethi haipo kwenye taa, aipime nyumba nzima.

Kukosa ethi ndiko kunakokuchagulia taa. Ya bati yenye skrubu ya ethi iache dukani, maana laini ikigusa bati, taa yote ina umeme. Tafuta ya plastiki yenye alama ya kisanduku ndani ya kisanduku. Hiyo imetengenezwa isihitaji ethi. Na kwa hewa ya chumvi ya hapo Tanga, plastiki haishiki kutu. Wati 24 itafunika alama ya sentimita 27. Skrubu ziingie kwenye mbao, bodi ya nyuzi haizishiki.

Ushauri wa mzee unafaa vyumbani, ila soma boksi la balbu: LED nyingi hazipendi kufungiwa ndani ya kioo kilichozibwa, zinakufa kwa joto. Na hizo holda zenye nyaya zilizokauka zibadilishwe.

ShangaziPongwe
Mama yuko sahihi, msimpuuze. Angalia namba ya K kwenye boksi. 3000K ni mwanga wa njano aliouzoea, 4000K upo katikati, 6500K ndiyo hiyo anayoikimbia. Jikoni na bafuni weka 4000K. Sebuleni usichanganye, mmoja akikaa upande huu wa kochi anaonekana mgonjwa. Muuzaji akisema "zote sawa", mwambie aiwashe.

Kijana_wa_Kisosora
Haya nimesalimu amri. Lakini LUKU itapungua kweli?

FundiWaya
Piga hesabu. Bakuli mbili za sebuleni ni wati 160. Kwa saa tano kila siku ni uniti 24 kwa mwezi. Paneli mbili za wati 24 ni uniti 7 na kidogo. Kwa aliye kwenye bei ya matumizi madogo, anayechunga asivuke uniti 75, hizo ni nyingi.

Dada, bafuni na barazani chukua yenye alama ya kinga ya IP44 kwenda juu, maji yanayorushika na wadudu wasiingie. Ukimaliza kufunga, zima taa usiku uzitazame. Ikiwepo inayowaka kwa mbali, swichi iko kwenye nyutro au ina kitaa kidogo ndani yake. Ikiwa ni nyutro, fundi ahamishie swichi kwenye laini, usikubali akwambie ni kawaida.

BintiChumbageni
Asante sana fundi, Jumamosi naingia dukani na futi mkononi. Mzee shikamoo, vyumbani naosha bakuli na kubadilisha holda. Shangazi, mama kakusoma, kafurahi. Kisosora, jipsamu tutaiona kwenye sendofu ya dada yako.