LabelFrame ya kawaida, ya ttk, au Frame na Label tu? Mnatumia ipi

kijana_wa_vipuri
Wakuu habari zenu. Natengeneza kiprogramu cha duka la vipuri vya pikipiki, Python na Tkinter (maktaba yake ya kutengeneza madirisha), windo moja lina sehemu ya mteja, ya bidhaa na ya malipo. Nataka kila sehemu ikae kwenye boksi lake, jina limeandikwa pale juu kwenye mstari. Kuna LabelFrame (boksi lenye jina) ya tkinter, kuna ya ttk (seti ya pili ya vipengele ndani ya Tkinter), na jamaa yangu anasema nipige Frame tu (boksi tupu) niweke Label (maandishi) juu yake basi. Nishike ipi? Mwenye duka anataka boksi la malipo liwe kijani.

mzee_wa_grid
Frame na Label achana nayo bwana, nilishapita huko. Ili jina likae juu ya mstari inabidi ulicheze kwa place, upime pikseli, halafu ukibadili fonti tu jina linaelea hewani. LabelFrame ipo tangu Tk 8.4 ya 2002, hiyo kazi wenzako walishaifanya. Kwa kuwa unataka rangi chukua ya kawaida:

`malipo = tk.LabelFrame(root, text="Malipo", bg="green", fg="white", padx=10, pady=10)`

Jina ukitaka lihame kuna labelanchor, ina sehemu 12, ila mimi sijawahi kutoka nw, yaani juu kushoto.

binti_pikseli
Mzee sikupingi ila hiyo kwenye Windows inaonekana kama programu ya mwaka 98 😂 Mimi ttk tu, inafuata sura ya mfumo. Ila ujue haina bg (rangi ya nyuma) wala fg (rangi ya maandishi), rangi unaweka kwa Style na majina ni mawili, TLabelframe ni boksi lenyewe na TLabelframe.Label ni maandishi, f ndogo jamani! Nilipoteza jioni nzima nimeandika F kubwa, haipigi erori wala nini, imekaa kimya tu rangi haibadiliki.

kijana_wa_vipuri
Ya mzee imegoma: `unknown option "-bg"`. Nimekopi kama ilivyo, nimetoa tu ile tk. ya mbele.

mzee_wa_grid
Weka mistari yako ya juu kabisa tuone.

kijana_wa_vipuri
`from tkinter import *`
`from tkinter.ttk import *`

binti_pikseli
Si ndo hapo sasa. Nyota ya pili imeifunika LabelFrame ya kwanza, kwa hiyo unaita ya ttk bila kujua. Andika `import tkinter as tk` na `from tkinter import ttk`, zote mbili utakuwa nazo na zitajulikana ipi ni ipi.

qt_damu
Mnajitesa tu. QGroupBox ya Qt (maktaba nyingine ya madirisha, hiyo ndo LabelFrame yake) unaipa setCheckable(True), kichwa kinaota chekiboksi chake, ukitoa tiki vya ndani vyote vinazimika. Na redio batani zikiwa boksi moja zinapokezana zenyewe. Tkinter mtaipata wapi hiyo?

mzee_wa_grid
Kupokezana kwa Tkinter kunafuata variable ambayo batani zinashirikiana, boksi halihusiki, hilo nakubali linachanganya wageni. Chekiboksi kichwani ipo, tengeneza Checkbutton (cb) kwanza halafu `lf.configure(labelwidget=cb)`, lf ni LabelFrame yako. Kuzima vya ndani ndo unazungusha lupu ya winfo_children (orodha ya vilivyomo ndani) mwenyewe, na hapo kaa macho, kama cb ni mtoto wa hiyohiyo fremu lupu inaizima na yenyewe, yaani umejifungia nje na ufunguo umeuacha ndani. Mimi ilinikuta mbele ya mteja.

qt_damu
😂😂 haya, ila kwa kiprogramu cha duka moja kweli Tkinter inatosha, haina cha kuinstoo wala nini.

kijana_wa_vipuri
Imekubali! Mteja na bidhaa nimeweka ttk, malipo ya kawaida na kijani chake. Ila lebo za ndani ya malipo mbona zimebaki kijivu, zimekaa kama viraka?

binti_pikseli
Hazirithi. Kila moja mpe bg yake.

kijana_wa_vipuri
Ziko 14 😭

mzee_wa_grid
Lupu ileile. Cb haimo huko, uko salama.