Kama "pass out" imewahi kuleta balaa kwenu, njoo tupeane uzoefu

Konda Mstaafu: Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala kuna mama alikuwa anaongea na simu, "mwanangu anapass out Ijumaa pale chuo cha polisi Moshi", raha zimemjaa mpaka kapitiliza kituo. Kijana wa pembeni yake akamgeukia kwa huruma, "pole mama, anasumbuliwa na nini?" Basi zima kimya. Shuleni si tuliambiwa pass out ni kuzirai tukafunga daftari? Mwenye kisa amwage hapa.

Nyota Njema: Daah mkuu umenigusa kidonda.

Mundu wa Nyeri: Wacha niwape ya huku kwetu Kenya. Aunty yangu alikuwa na mgeni Mmarekani, msichana wa kujitolea, na cousin alikuwa anamaliza training ya polisi Kiganjo. Aunty akamwambia kwa Kiingereza mtoto wangu anapass out Ijumaa, utavaa nini? Msichana macho yakamtoka, akauliza ni ugonjwa gani huo mpaka siku inajulikana. Aunty akamwambia usijali, hata Rais anakuja kuona 😂😂 Sasa siku yenyewe jua lilikuwa kali, hotuba ndefu, recruit mmoja safu ya mbele akaanguka chini tiii. Yule msichana akatuangalia hivi, ni kama alikuwa amekaa na wachawi.

Shangazi wa Tabata: Nyie mnacheka, kwetu ulikuwa msiba kamili. Mdogo wangu yuko Minnesota, usiku ikaingia meseji kwa kaka kutoka kwa mwenzie wa kazini, "passed out at work, we are at the hospital". Ba'mkubwa ni mwalimu mstaafu, nani atambishia Kiingereza, akavaa miwani akasoma akavua miwani akasema "amepita". Eti pass ni kupita, out ni nje, ametoka duniani. Mama akapiga yowe mtaa wote ukaamka, kufika alfajiri turubai lipo, viti vipo, wamama wanamenya vitunguu, kuna grupu la mchango na watu wameshaanza kutuma maana kusafirisha mwili kutoka Marekani si mchezo. Namba ya yule mwenzie tukipiga haipokelewi, kumbe yuko wodini. Kwenye saa mbili simu ya kaka inaita, jina la marehemu. Hakuna aliyepokea! Kaka kaishika kama kashika nyoka. Ikakata ikaita tena, akapokea mtoto wa jirani, tukasikia "mbona kila mtu kaweka mshumaa, nani kafa?" Kumbe kaunganisha shifti mbili bila kula akaanguka, wakamtundikia dripu, basi. Mama aligoma kuongea naye anasema huo ni mzimu mpaka amtajie jina alilokuwa anaitwa utotoni. Na ba'mkubwa mpaka leo anasema wazungu ndio wameandika vibaya.

Nyota Njema: 😂😂😂 Ba'mkubwa apewe ulinzi.

Mwl Nukta: Tuwekane sawa. Kufa ni pass away. Pass out ni kuzirai, au kuzima kwa pombe. Waingereza wanaitumia pia kwa kuhitimu mafunzo ya jeshi au polisi, ndio maana gwaride linaitwa passing-out parade. Halafu Mmarekani akisema "pass out the papers" anataka ugawe karatasi, na hapo ukitaka kusema "zigawe" unaweka them katikati, "pass them out". Ile ya kuzirai haibebi kitu mbele yake, huwezi kumpass out mtu.

Kichwa Ngumu: Kugawa ni hand out, acha kutudanganya mwalimu.

Mwl Nukta: Hand out ipo na hiyo ipo. Kwani kuna mtu kafukuza nyingine?

Kichwa Ngumu: Shida ya Kiingereza cha Bongo ndio hii.

Mundu wa Nyeri: Kenya tuko ndani hatusemi kitu 😂

Kijana wa Buza: Mi sijali Kiingereza. Shangazi, ule mchango ulirudishwa?

Shangazi wa Tabata: Wa majirani ulirudi.

Kijana wa Buza: Na wa ukoo?

Shangazi wa Tabata: Watu walikula, mwenye turubai alitaka hela yake, sasa wewe unataka risiti?

Kichwa Ngumu: Kwa hiyo marehemu kajilipia msiba wake. Haya.

Baharia Deira: Mimi niko Dubai, huku mabosi wengi Wahindi, na Mhindi akisema pass out anamaanisha kumaliza chuo, hata kama hujawahi kushika bunduki. Jamaa wa chumbani kwangu aliulizwa kwenye intavyuu "when did you pass out?" akajibu kwa kujiamini mara moja tu, nilikuwa na malaria. Wakamwandikia vipimo vya afya upya.

Mama Pili: Jamani wangu anafunga mafunzo mwezi ujao na huwa anazimia kwenye jua. Afanyeje?

Mzee wa Kwata: Asikaze magoti. Ukisimama umeyafunga damu inabaki miguuni, kichwani haifiki. Alegeze kidogo, achezeshe vidole ndani ya buti, afande haoni. Na anywe maji kabla.

Kijana wa Buza: Akinywa maji mengi atabanwa mkojo mbele ya mgeni rasmi. Bora azimie.

Mundu wa Nyeri: Ugali asubuhi, story imeisha.

Mzee wa Kwata: Akila akashiba ndio atalala amesimama. Chai na mkate. Na wewe mama akianguka usiruke kamba, kuna watu wa machela, watamlaza chali wamnyanyue miguu.

Dada Sivii: Samahani, nina intavyuu kesho, kwenye sivii nimeandika "passed out from university 2019". Niache?

Mwl Nukta: Andika graduated.

Baharia Deira: Bosi ni Mhindi? Acha hivyo hivyo.

Dada Sivii: Ni Mjerumani.

Kichwa Ngumu: Beba na glukosi.