Wenye farmasi Bukavu, kopo la pompe ya kuvutia dawa ya pumu likiisha tumrudishie nani?

Hii tabia iishe jamani. Pompe mnauza vizuri, mteja akiwarudishia kopo lililokwisha mnamwambia "choma na takataka". Choma? Mtu aliyesomea dawa anatoa jibu hilo?

Lile kopo la aluminiamu lina gesi iliyobanwa. Lebo yake inakataza kulitoboa au kuliweka penye joto la kupita nyuzi 50. Dozi 200 zikiisha, gesi inabaki: ukitikisa kunacheza majimaji, ukibonyeza linafuka, dawa hakuna. Ndiyo maana wagonjwa wanaendelea kuvuta gesi tupu wakidhani wanajitibu. Kama halina namba za kuhesabu, andika juu yake tarehe ya kuanza: mivuto 4 kwa siku, siku ya 50 limekwisha. Kulielesha majini ili kuona kama limekwisha hakupimi kitu, kunaziba vali tu.

Motoni linapasuka kwa kishindo, na gesi yake ikiungua inatoa floridi ya haidrojeni, sumu inayounguza mapafu. Wa kwanza kukohoa ni nani kama si jirani mwenye pumu? Tanuru la hospitali nalo si suluhisho, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakataza kuchomea humo makopo ya gesi. Tena kuna mafundi wa sufuria wanaoyeyusha aluminiamu kuukuu: kopo moja lenye gesi likizama kwenye chungu, ule uji wa moto unamrukia fundi usoni. Ukilitupa bondeni, mvua inalishusha mto Kawa, kutoka Kawa ziwa Kivu, na takataka za ziwa tunajua zinavyokwama kwenye bwawa la umeme la Ruzizi.

Gesi yenyewe mara nyingi ni HFA-134a. Kilo moja inaipasha dunia joto sawa na kilo 1,300 hivi za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Makubaliano ya kupunguza gesi za aina hiyo yalipitishwa Kigali mwaka 2016, hapo kwa majirani, na sisi bado tunaambiwa tuchome! (Pompe za dawa ya unga hazina gesi, hizo hazimo kwenye ugomvi huu.)

Kwa sasa: chomoa kopo, usilitoboe, liweke kwenye boksi kavu kivulini, mbali na mbabula na bati la jua. Kile kikasha cha plastiki kinachoshika kopo kioshe, kiende na plastiki nyingine. Ila boksi likijaa liende wapi? Uingereza farmasi zinapokea, kisha makopo yanateketezwa kwenye matanuru ya joto kali yenye kuchuja moshi. Hapa farmasi ipokee, ipeleke depo (ghala la dawa za jumla), depo imrudishie aliyeingiza mzigo. Gari linaloleta katoni linarudi tupu. Wenye depo, kinachowashinda ni nini? Jibuni hapa.