Tupeane uzoefu: mimea adimu ya kivulini, chini ya miti mikubwa

Mwanakitalu
Wakuu, uzi huu ni wa wanaopanda chini ya miti. Naomba tuandike vipimo: mmea gani, kina gani, mchanganyiko upi, na ukifa unakufa kwa nini.

Naanza na udongo, maana hapo ndipo mimea mingi adimu inapotelea. Mmea wa msituni umezoea tabaka la majani yaliyooza, lenye unyevu na hewa tele. Ukiuchomeka kwenye mfinyanzi mzito mizizi inakosa hewa na kuoza, halafu lawama anapewa kivuli. Tengenezeni mboji ya majani: zungushia waya eneo la upana wa mita 1, jaza majani makavu, yalowanishe, yakanyage, yaache mwaka 1 hadi 2. Imeiva pale ukifumbata inaporomoka yenyewe na huwezi tena kutambua jani lilikuwa la mti gani. Chakula chake ni kidogo. Thamani yake ni kushika maji bila kufukuza hewa. Kwa vyungu, changanya sehemu 2 za mboji hiyo, 1 ya magome yaliyokatwakatwa na 1 ya mchanga wa chembe kubwa.

Ardhini, msirundike udongo mpya juu ya mizizi ya mti. Ukizidi sm 5 unaanza kuunyima mti hewa. Chomachoma kwa kijiti hadi upate nafasi kati ya mizizi, chimba kishimo cha upana wa sm 20, weka mche mdogo. Mche mkubwa utakulazimisha ukate mizizi ya mti, na bado utachelewa kushika. Kumbukeni pia kwamba mti ndio unaokunywa kwanza: mwaka wa kwanza na wa pili, mwagilieni kiangazi chote.

Tunguu
Naongezea Clivia miniata, mmea wa kivuli unaovumilia makosa mengi isipokuwa maji yaliyotuama. Subiri tunda liive kabisa, toa nyama yote na utando unaoteleza, kisha usifukie mbegu. Ibonyeze juu ya mchanganyiko, nusu ionekane. Baada ya wiki 4 hadi 6 mzizi mnene mweupe hutoka na mara nyingi huinua mbegu badala ya kuzama. Toboa kishimo kwa kijiti, uelekeze mzizi humo. Maua ni baada ya miaka 3 hadi 5. Mmea wote una sumu ukiliwa, basi watoto wasiuchezee.

Amorphophallus konjac, mmea wa kiazi, ni kinyume chake: kiazi kizima hufukiwa sm 10 hadi 15, upande wenye kibonyeo juu. Sababu ni kwamba mizizi yake hutoka juu, kuzunguka chipukizi, wala si chini kama wengi wanavyodhani. Jani likinyauka mmea umelala. Acheni kumwagilia hadi chipukizi lionekane, maana viazi vingi huoza katika kipindi hicho.

Kangaga
Makangaga kwa spora, kwa wenye subira. Chagua jani ambalo madoa ya chini yamegeuka kahawia, lilaze juu ya karatasi nyeupe siku 2 mahali pasipo upepo. Litaacha vumbi laini, ndizo spora, yaani chembe za uzazi za kangaga. Mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko kwenye kikopo ili kuua kuvu na mbegu za magugu, funika, subiri upoe kabisa, nyunyiza vumbi kidogo sana, funika kwa plastiki inayopitisha mwanga. Usizike.

Baada ya wiki kadhaa utaona ukijani, kisha vijani bapa vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuacha pakavu. Mbegu za kiume za kangaga huogelea kufikia yai, kwa hiyo bila tone la maji juu ya vijani hivyo hakuna mmea. Nyunyizeni maji yaliyochemshwa yakapoa.

Mche Mpya
Wadau, kuna ubaya gani kuchimba mimea msituni, na Trillium (ua la msituni lenye majani matatu) je? Mbegu zimekaa chunguni miezi minane, kimya.

Mwanakitalu
Ubaya ni mwingi, ndugu. Mmea uliong'olewa hupoteza mizizi myembamba na kuvu iliyoishi nayo. Wengi hufa ndani ya msimu mmoja, na kule porini pengo hubaki. Baadhi, kama okidi na Cyclamen (ua dogo la kiazi), biashara yake ya kimataifa inabanwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama pori dhidi ya biashara ya kupindukia, ulioanza kutumika mwaka 1975. Muulize muuzaji swali moja: umeuzalisha mwenyewe, au umeukuza tu? Mizizi iliyokatika ovyo, saizi zisizolingana na udongo mgeni ndani ya chungu ni dalili za kuchimbwa.

Trillium usiitupe. Mbegu yake huhitaji vipindi viwili vya baridi: baada ya cha kwanza hutoa mzizi, baada ya cha pili ndipo jani. Mbegu iliyokauka dukani huchelewa zaidi au haioti kabisa. Weka chungu nje kivulini, kibaki na unyevu, kifunike kwa wavu panya wasifukue, na usichimbechimbe kuangalia. Mzizi huo ukikatika hakuna jani litakalofuata.