Mwanasesere mwenye nguvu za ajabu: hadithi yake aimalize nani?

Mwanzisha mada, fundi wa wanasesere, Dar es Salaam

Ndugu zangu, kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Nimeona nililete kwenu tulijadili.

Nashona wanasesere: kitenge, sufi, nywele za uzi mweusi, macho ya kudarizi. Kwa miaka mingi wateja wangu walikuwa wazazi wanaotafuta zawadi. Siku hizi wamekuja watu wa aina nyingine, watu wazima wanaonunua ili waweke kabatini, wanaotaka kila mwanasesere awe na namba yake na boksi lake. Hao ndio walioniambia kwamba mwanasesere mtupu hatoshi. Lazima ijulikane katoka wapi, ana nguvu gani, adui yake ni nani.

Basi nikamshona Chemchemi, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, anayesikia maji yakitembea chini ya ardhi. Anayasikia kwa nyayo, kwa hiyo nyayo zake nimezishona kwa kaniki, ukimgeuza tu unajua nguvu imekaa wapi. Kadi yake haizidi kiganja. Inaeleza kwamba visima vya kijijini kwao vilikauka, naye akawa anatoka usiku peku, anatembea, mpaka siku moja akasimama kwenye shamba la watu na kusema, chimbeni hapa. Ila uwezo huo una bei yake. Akiyasikiliza maji, hasikii watu. Mdogo wake anaweza kumwita hadi sauti ikakauka, yeye hana habari. Mwisho wa kadi niliandika kwamba anamsikia mdogo wake, anarudi nyumbani, mambo yote yanakuwa mazuri.

Sasa sikilizeni kilichonitokea. Kwenye maonyesho, mama mmoja alimnunulia binti yake wa miaka mitano au sita. Mtoto akafungua boksi palepale, kadi ikaanguka chini, wala hakuiangalia. Dakika mbili hazijaisha, Chemchemi kawa muuza vitumbua, anamgombeza mteja aliyekula bila kulipa. Nikajisemea kimoyomoyo, kumbe nimekesha naandika bure. Lakini mtoto alipomgeuza akaziona zile nyayo nyeusi, akauliza, mbona hivi? Mama akaiokota kadi, akasoma mistari miwili, mitatu. Mtoto hakungoja iishe. Alimsimamisha Chemchemi kwenye sakafu ya saruji, akalala kifudifudi, akatega sikio lake kando ya zile nyayo, akanyamaza. Akakaa hivyo muda mrefu, watu wanampita.

Tangu siku hiyo najiuliza: sisi tunaotengeneza tumpe mwanasesere hadithi nzima, tumpe nusu, au tusimpe kabisa?

Wenzetu walioanza biashara hii mapema wamepita njia zote. Mwanasesere Barbie wa kampuni ya Mattel alipoingia sokoni Marekani mwaka 1959 hakuwa na hadithi. Ruth Handler, aliyemwanzisha, alitaka msichana amfanye awe chochote atakacho. Vitabu vilivyotoka baadaye ndivyo vilivyompa jina kamili, Barbara Millicent Roberts, na mji wa kwao. Kwa wavulana ikawa kinyume. Mwaka 1982 kampuni ya vichezeo ya Hasbro iliwarudisha sokoni wanasesere wake wa kiaskari, G.I. Joe, wakiwa wadogo, hawafiki sentimita kumi, na nyuma ya kila pakiti kuna kadi ya kukata kwa mkasi: jina halisi la askari, alikozaliwa, ujuzi wake jeshini. Nyingi ziliandikwa na Larry Hama. Mwaka huohuo Mattel ikamtoa shujaa wake He-Man akiwa na kijitabu cha picha ndani ya pakiti, na mwaka uliofuata akapata katuni yake ya televisheni. Ikafika mahali mzazi haoni tena kipindi kinaishia wapi na tangazo linaanzia wapi, hadi Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1990 kuwekea kikomo dakika za matangazo katika vipindi vya watoto.

Lakini kisa kinachoninyima usingizi ni cha mahakamani. Zamani ushuru wa forodha wa Marekani ulitenganisha mwanasesere na vichezeo vingine. Mwanasesere ni sanamu ya binadamu, asilimia 12. Sanamu ya mnyama au ya kiumbe asiye binadamu, asilimia 6.8. Kampuni ya Toy Biz, iliyokuwa ikiingiza nchini humo sanamu za mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel, ikaenda mahakamani kudai kwamba mashujaa wake si binadamu. Mwaka 2003 Jaji Judith Barzilay wa Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani akaikubalia. Mmoja wao, Wolverine, ana makucha na nguvu zisizo za kawaida, basi hahesabiwi mtu.

Wanaowafahamu X-Men, kundi la akina Wolverine lililoanza kuchapishwa mwaka 1963, wanajua kisa chao chote ni cha watu waliozaliwa na vipawa vya ajabu, wanaobaguliwa, wanaotaka wahesabiwe binadamu kama wengine. Na aliyesimama mbele ya jaji kusema hawa si watu ni yuleyule anayewauza. Wakati huohuo askari wa G.I. Joe, ambaye Hasbro tangu mwaka 1964 ilikataa katakata asiitwe mwanasesere, mahakama ya rufaa ilikuwa imeshaamua mwaka 1989 kwamba ni mwanasesere.

Msimamo wangu nautoa wazi. Hadithi iwepo. Ukimpa mwanasesere nguvu tupu, unamtoa kwenye utu hata kama una nia njema. Kinachomrudisha ni ile bei anayolipa. Chemchemi ni mtu kwa sababu hamsikii mdogo wake. Ninachouliza ni wapi fundi aweke kalamu chini.

Mwalimu wa chekechea, Tanga

Dada fundi, hongera kwa kazi ya mikono. Mimi nasema usimpe kabisa, na sisemi kwa nadharia.

Darasani kwangu watoto hucheza na magunzi ya mahindi. Wanalifunga gunzi kipande cha khanga, basi. Asubuhi gunzi ni bibi harusi, mchana ni mgonjwa anayepelekwa zahanati, kesho yake ni mwalimu, yaani mimi, na wananiiga ninavyofoka. Muhula uliopita mtoto mmoja alikuja na shujaa wa plastiki kutoka mjini. Wakamzunguka wote. Mmoja akamshika akamrusha juu, mwenye naye akamkatiza: "Siyo hivyo, yeye hapai, yeye anatoa moto!" Mwingine akamfanya anaoga mtoni. "Siyo hivyo, yeye maji yanamuua!" Ndani ya nusu saa wale wenye televisheni nyumbani wakawa mahakimu, na wale wasio nayo wamekaa pembeni wanatazama. Watoto walewale ambao kwenye magunzi ndio hodari wa kutunga.

Ndiyo maana naogopa kadi yako, hata iwe nzuri namna gani. Kadi inamweka mtoto mmoja juu ya mwenzake kwa sababu tu yeye amesomewa. Yule binti wa vitumbua alikuwa anatunga vizuri kabla mama hajainama kuokota karatasi.

Mkusanyaji, Mombasa

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Tatizo la darasa lako si hadithi, ni kwamba hadithi ilifika kwa wachache. Dawa yake ni kuisimulia ikafika kwa wote.

Nani hapa pwani hajui mwisho wa Fumo Liyongo? Jitu lenye nguvu kupita watu, silaha haimwui, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Muhammad Kijumwa aliutunga utendi wake mwaka 1913, na kisa chenyewe ni cha kale kuliko utendi. Mwisho tunaujua tangu utotoni. Je, tumeacha kuwaza? Nyanya yangu akifika pale Liyongo alipopiga goti kisimani na mshale kwenye upinde, ameshakufa lakini mji mzima haujui, wanakaa na kiu siku baada ya siku kwa kuogopa kumkaribia maiti, sisi tulikuwa hatupumui. Na tulikuwa tumeisikia mara mia. Kesho yake tunacheza: huyu Liyongo, huyu mamake anayepeleka mkate uliofichwa tupa gerezani, huyu mwana msaliti. Kila mtu alitaka kuwa Liyongo ingawa alijua atakufa.

Kwa hivyo dadangu, andika hadithi yote, na uiandike vizuri. Mimi nimetoa pesa nzuri kwa vitu vilivyokuja na kadi zake zikiwa hazijakatwa, na nikiulizwa nilichonunua hasa, nasema ni ule mkono wa mwandishi. Mwanasesere asiye na hadithi ni pambo la kabati. Ila huo mwisho wako wa kurudi nyumbani na mambo kuwa mazuri, niwie radhi, ni dhaifu. Liyongo hakurudi nyumbani.

Mzazi, Bujumbura

Swali langu ni dogo tu. Huyo mdogo wake anayeita, mbona hana mwanasesere wake? Wanangu ni wawili, na wa pili angeuliza hilo kabla ya yote.

Mzee, Kisarawe

Wanangu, mmeongea mengi ya maana, nami naweka neno moja kabla hamjaenda mbali.

Sisi Wazaramo tunaye mwana hiti. Ni kijisanamu cha mti, kichwa kimechongwa nywele za mafungu mawili, kiwiliwili hakina mikono wala miguu. Mwali alipokuwa ndani alikuwa naye, akimtunza na kumpaka mafuta kama anavyotunzwa mtoto. Sura yake imechongwa pia kwenye fimbo na kwenye nguzo za makaburi, kwa hiyo kumwita kichezeo ni kumpunguza. Leo wako wengi kwenye makumbusho za Ulaya, chini ya kioo, na chini yao kuna karatasi yenye mistari miwili. Nguvu yake watu wanaisoma pale wakiwa wamesimama, kisha wanaenda kwenye kabati la pili.

Sikukatazi kutunga, binti yangu. Chemchemi ni wako, umemzaa kwa akili yako. Nakuomba tu, wakija hao wa makabati wakakuambia shona mwana hiti, umpe kadi na namba, usikubali. Hadithi yake ilikuwa haiandikwi. Walikuwa wanamwambia mwali mle ndani, kwa nyimbo, na mimi mwanamume siijui hadi leo. Zipo hadithi ambazo mwenyewe si fundi.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee. Nimekusikia. Na niseme kweli, ombi hilo lilishanifikia mwaka jana, nikawa sijajibu kwa sababu ya pesa. Leo nimejibu. Nimekataa.

Mwalimu, ule mfano wako wa "siyo hivyo" umenichoma. Nimerudi kuisoma kadi nikiwa nao kichwani, nikahesabu ni mara ngapi mtoto anaweza kumwambia mwenzake "siyo hivyo" kwa kuitegemea. Ni nyingi mno. Nimeandika rangi anayoipenda, chakula anachokula, jina la kijiji, jina la adui. Yote hayo nayaondoa. Nabakiza mambo matatu: anasikia maji kwa nyayo, akiyasikiliza hasikii watu, na yupo mtu anamwita. Na nitayaandika kwa herufi kubwa, kwa maneno mafupi, ili hata asiyejua kusoma asomewe kwa pumzi moja na kila mtoto aliyekaa pale ayasikie.

Kaka wa Mombasa, nakubaliana nawe kuhusu ule mwisho, ni dhaifu. Niliuandika kwa kuwaogopa wateja. Lakini Liyongo hawi mfano wangu wote, kwa sababu wewe ulimpokea mdomoni mwa nyanya yako, na yeye alikuwa anaona uso wako akijua wapi aharakishe na wapi akutulize. Kadi haimwoni mtoto. Kwa hiyo mwisho siuandiki, si mzuri wala mbaya. Najua kwako wewe unayelipia mkono wa mwandishi hiyo ni kasoro, na huenda nikawapoteza wateja wa makabati. Sitaki kukuficha hilo.

Swali la Bujumbura ndilo lililonikuta sina jibu. Nimekuwa nikitetea utu wa Chemchemi kwa kumtaja mdogo wake, na huyo mdogo wake sikumshona. Nilikuwa na nguvu za kushughulikia, nikamsahau mtu.

Kwa hiyo atakuwepo, ndani ya boksi lilelile, kwa bei ileile. Hana nguvu yoyote na kadi yake hakuna. Nimeshakata kitambaa, kile cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la dada yake, na nyayo zake ni za rangi ya mwili wake. Kazi iliyobaki ni uso. Nitaudarizi mdomo ukiwa wazi, maana anaita.