Tupeane uzoefu: Baiolojia ya sekondari, ulikutana na nini humo darasani?

Kaka Mkubwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Mdogo wangu wa mwisho kapangiwa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Tangu majina yatoke hanipi pumzi: "Kaka, Bios ya huko ikoje?" Mimi nilisoma HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza). Bios niliiacha kidato cha nne na D ya huruma, na ninachokumbuka ni mchoro wa moyo nilioupaka nyekundu na bluu ukapendeza kama kalenda, nikanyimwa maksi zote.

Sitaki "mwambie apige msuli". Hilo analijua. Nataka yaliyokukuta wewe mwenyewe, kidato chochote. Shule na walimu tusiwataje majina.

Panya Buku

Pole na moyo wako, mkuu. Kwenye Bios mchoro ni penseli iliyochongwa, mstari mmoja safi, bila rangi wala kivuli. Mistari ya kutajia sehemu haiwekwi vichwa vya mishale na haipishani.

Yangu ni hii. Kidato cha tano, siku ya kwanza kupasua panya. Usiku nilikesha na mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa binadamu, nikajiaminisha kwamba mamalia ni mamalia. Asubuhi panya kalewa klorofomu, nimembana kwa pini kwenye trei ya nta, ngozi nimeifungua bila kutoboa ukuta wa tumbo. Fundi kabisa. Nikachora ini, tumbo, kongosho, utumbo, na mfuko wa nyongo wenye jina lililoandikwa kwa mwandiko wa cheti.

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu. "Nionyeshe huo mfuko wa nyongo." Nikainua ini kipande kimoja, kingine, kingine. Jasho likaanza. Panya hana mfuko wa nyongo! Nyongo yake inatoka kwenye ini inakwenda moja kwa moja utumboni. Nilikuwa nimechora kitu ambacho hakikuwepo mezani.

Mchoro mzima ulikatwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Toka siku hiyo naangalia mara tatu ndipo nachora mara moja.

Binti Kayumba

Mimi kilichonikuta kilikuwa kidato cha kwanza, na hakikuwa panya, kilikuwa lugha.

Shule ya msingi nilikuwa naongoza sayansi. Usanisinuru naujua, umbijani naujua, kwamba mmea unatumia mwanga, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula, naujua. Nikafika sekondari, mwalimu akaandika ubaoni neno la herufi 14, akalitamka, akaendelea na Kiingereza chake. Nikalikariri kama wimbo wa kigeni. Karibu mwaka mzima nalijibu kwenye mitihani bila kujua kuwa ni usanisinuru wangu uleule.

Nililigundua maabara. Tulichemsha jani kwenye maji, halafu kwenye spiriti, kopo la spiriti likiwa ndani ya maji ya moto kwa sababu spiriti ikikaribia moto inashika. Jani likapauka, spiriti ikawa ya kijani. Nikaropoka, "Umbijani umetoka!" Darasa likacheka, si unajua wenzetu waliotoka shule za Kiingereza. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Ndiyo, huyo ndiye klorofili." Tukadondoshea jani iodini, likawa bluu nyeusi, maana yake kuna wanga.

Jioni ile nilifungua daftari jipya, ukurasa safu mbili: kushoto neno la shule ya msingi, kulia neno la sekondari. Nilipofika mwisho wa daftari niligundua nusu ya silabasi nilikuwa naijua kitambo. Hasira niliyoipata sitaisahau.

Zuu wa Bweni la Pili

Jiandaeni na MENDE. Shule ya wasichana sisi, tukaambiwa kila mtu aje na wake. Wiki nzima watu wanavizia stoo ya jiko na tochi. Mwenzangu alimfuga ndani ya kopo lililotobolewa matundu, akampa jina. Siku ya siku akalia.

Kidokezo cha bure: mende hupasuliwa akiwa chini ya maji kwenye trei, ili viungo vielee. Ukimpasua mkavu unapata uji.

Omosh wa Kakamega

Hapa Kenya mambo ni hayohayo. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, Bios nilifanya karatasi tatu: ya kwanza na ya pili alama 80 kila moja, ya tatu ndiyo ya vitendo, alama 40. Wengi huidharau hiyo ya tatu kwa kuwa ni ndogo, na ndiyo iliyoninyima A.

Tulipewa umajimaji, tupime sukari. Nikatia Benedikti, dawa ya kupimia sukari, nikachemsha, rangi ikabaki bluu. Nikaandika "hakuna mabadiliko" nikajiona mwerevu. Baadaye mwalimu wetu alipouliza tulivyojibu, akashika kichwa. Alikuwa ametuambia tangu Form Two: andika ulichokiona, rangi ya bluu ilibaki. "Hakuna mabadiliko" ni maoni, macho hayaoni hakuna.

Basi mwambie mdogo wako kwenye jedwali la majaribio azingatie kila safu. Utaratibu, kilichoonekana, hitimisho. Akiandika "protini ipo" kwenye safu ya kilichoonekana, amepoteza. Kilichoonekana ni zambarau.

Kaka Mkubwa

Nasoma nacheka mwenyewe kwenye daladala. Swali: vifaa vya kupasulia anunue au shule inatoa?

Panya Buku

Inategemea shule. Sisi seti moja watu sita, kwa hiyo mmoja anapasua, watano wanatazama. Mwenye mkasi mdogo wenye ncha kali na kibano chake mwenyewe hasubiri zamu.

Mwana wa Mwaloni

Niwape ya ikolojia, maana kila mtu anaisoma mwisho mwisho akiwa amechoka.

Nilisoma Mwanza. Mwalimu mmoja wa kujitolea alitupeleka mwaloni alfajiri, samaki wanashushwa. Akatuambia tutafute furu. Tukapata wachache, sangara wamejaa, dagaa wamejaa. Mzee mmoja mvuvi akatusimulia kwamba utotoni mwake furu ndio walikuwa kitoweo cha kila nyumba. Ndipo mwalimu akaunganisha: sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimepotea, kwa kuliwa na sangara pamoja na maji kuchafuka. Halafu akarudi nyuma zaidi, jinsi furu walivyogawanyika aina mamia ndani ya ziwa moja, mdomo wa huyu umekaa kwa kula konokono, wa yule kwa kukwangua mwani.

Mnyororo wa chakula, uteuzi asilia, kiumbe vamizi, mada tatu zilikwisha kabla ya chai. Kurudi shule tukahesabu panzi wa uwanja wa mpira: kamata 40, watie rangi ya kucha, waachie, kesho yake kamata 30, ukikuta 6 wana rangi unakadiria wapo 200 (40 mara 30, gawa kwa 6). Mpaka leo nikiona panzi naangalia kama ana rangi.

Mwalimu Mstaafu Mtarajiwa

Nafundisha Bios mwaka wa kumi na tisa. Niseme ya upande wa pili wa ubao.

Jenetiki ndiyo mada ninayoiingia kwa tahadhari. Zamani nilikuwa nawaambia wanafunzi walete makundi ya damu ya wazazi wao tufanyie mazoezi. Kijana akaja: baba O, mama O, yeye A. Akainua mkono anauliza mbele ya darasa mbona hesabu haikubali. Nikamjibu kuwa kadi za kliniki huandikwa kimakosa, jambo ambalo ni kweli hutokea, nikabadilisha mada. Nilikosa usingizi. Siku hizi natumia familia za kubuni tu.

Nyingine ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nafundisha ile ya wazazi wawili wenye kubeba vinasaba bila kuugua, mmoja kwa wanne anazaliwa mgonjwa. Binti akanifuata baada ya kipindi. Kwao mtoto wa kwanza ni mgonjwa, na nyumbani waliamini watatu wanaofuata watakuwa wazima, kwa kuwa "zamu ya mgonjwa imeshapita". Wa tatu naye akazaliwa mgonjwa. Mama alidhani amelogwa. Nilichukua sarafu, nikamwambia arushe. Arushe tena. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza, na kila mimba ni kurusha upya. Alirusha ile sarafu muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie maelezo yale kwa Kiswahili apeleke nyumbani.

Uwiano wa tatu kwa moja wa Mendel, mwanzilishi wa jenetiki, kila mwanafunzi wangu anaukariri. Ila na yeye alihesabu mbegu za njegere maelfu ndipo ukaonekana, na familia ya watoto wanne si maelfu.

Zuu wa Bweni la Pili

Mwalimu umeniliza. Mimi nilipata B jenetiki na leo ndiyo nimeelewa hiyo ya sarafu.

Kaka Mkubwa

Nimempa mdogo wangu simu asome uzi wote. Kasoma kimya, kanirudishia, kauliza kitu kimoja tu: akiomba kuhamia CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) atamkwepa panya?

Panya Buku

Baiolojia ya CBG na ya PCB ni moja, mtihani mmoja. Panya ni yuleyule. Mwambie mfuko wa nyongo asiutafute.